Mwaka Niliomuua Odoyo kwenye Simu

Siku Bi Zaituni alipozikwa, sisi wanawake tulibaki uani kwake hapa mjini Migori, maana kwa dini yao wanaokwenda makaburini ni wanaume. Nilikuwa nimekaa mkekani, mguu wangu mbovu nimeunyoosha, wamenipa kahawa ya tangawizi, na wasichana wawili waliokuwa wakikuna nazi karibu yangu wakaanza kuvutana. "Si huyu ndiye Nyar Kadem wa kwa simu?" "Ndiye." "Basi muulize." "Uliza wewe, mimi naogopa." Mwishowe mmoja akajikaza. "Mama, pole na msiba. Yule mwanamume wa ukoko, kwani alikufa kweli?" Nikamwambia, "Alikufa. Endelea na nazi yako." Yule mwingine akaangua kicheko, kisha akakumbuka tuko matangani akajiziba mdomo. Jibu hilo nimelitoa sokoni, kanisani, kliniki, hata kwa chifu, na kila mara nimelitoa bila kupepesa jicho. Lakini pale uani niliweka kikombe chini, kwa sababu sasa nimebaki na jambo hili peke yangu. Mama wa yule mtu alishafariki, kitandani mwake, amezeeka vizuri. Yule mtu mwenyewe alihama, akavuka mpaka, na hata mimi sikuuliza alikokwenda. Hakuna tena wa kuumizwa. Kwa hiyo ninaandika, na ninaandika mwenyewe. Binti yangu alisema nitafute mtu wa chuo aninyooshee maneno. Nilikataa. Niliacha shule darasa la tatu na nikajenga nyumba ya mawe kwa maharagwe. Sihitaji mtu wa kunishika mkono nikiongea. Huyo mtu hapa nitamwita Odoyo. Si jina lake.

Wengine wakikumbuka mwaka uliowafinyanga, watakwambia habari za ujana na mapenzi. Mimi mwaka wangu ulinikuta na wajukuu na meno yamepungua. Kabla yake nilikuwa na hoteli ya mabati pale Macalder, karibu na mashimo ya dhahabu, na kazi yangu ilikuwa kuwalisha wachimbaji. Walikuwa wakitoka chini wamejaa vumbi hadi kope, wana njaa ya kumkata mtu kichwa, na mimi chungu changu bado kinatokota. Maharagwe hayaharakishwi. Ukiyapakua kabla ya kuiva yatawaumiza tumbo na kesho watakula kwa jirani. Ukisema "ngojeni" wataondoka sasa hivi. Hapo katikati ndipo nilipojifunza hadithi. Nilianza kuongea nikiwa nimewapa mgongo, nakoroga. "Jana nimeona mwanamke wa pale kisimani amebeba jogoo kama mtoto mgongoni." Kimya. Halafu ninaonja chumvi. Mtu anauliza, "Kwa nini kama mtoto?" Nikishasikia hilo swali, najua hawaendi popote. Nilijua kukata maneno pale pale wanapotaka kuyameza, nikamwaga maji, nikaongeza kuni, nikarudi. Niliwashikilia hivyo miaka na miaka, wanaume wenye misuli ya kuvunja miamba, kwa maneno matupu. Odoyo alikuwa mmoja wao, na yeye hakutaka sahani. Alitaka sufuria yenyewe, akwangue ukoko chini, na akimaliza huvuta hewa kwenye pengo la jino lake la mbele, fyuu, kama mtu anayemwita mbwa.

Kwa Zaituni nilifika nikitafuta leso. Alikuwa mtu wa Pwani, ana duka katikati ya mji, upande huu leso na madira, upande ule vifuniko vya simu. Siku hiyo mvua ilinifungia dukani, nikawapigia wateja hadithi ya mwanamke wa jogoo, na sikujua kwamba Zaituni ameinua simu yake ananichukua video. Jioni ile ile akanipigia. "Shoga, watu wamekuona mpaka Nakuru. Wanauliza jogoo alikuwa na nini." Nikamwambia, "Waambie waje kula." Akacheka, akaniambia nirudi kesho, na kesho yake akanifungulia ukurasa, akauita Chungu cha Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, kwetu.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka, kimetengwa kwa pazia la maua. Kulikuwa na kitanda cha kamba, marobota ya nguo hadi darini, chetezo cha udi, na dirisha moja linalotazama ukuta wa msikiti. Mimi nilikuja na samaki wa kukaanga na kuon, ugali wetu, nimeufunga kwa kitambaa. Yeye aliweka chai ya maziwa na mahamri. Tulikula kwanza, ndipo tukachukua. Alinifundisha mambo yake: nitazame kile kitundu kidogo cha juu na si uso wangu mwenyewe, nisianze kwa salamu ndefu za kanisani, sentensi ya kwanza iwe tayari ndani ya jambo. Mengine alikuta ninayajua. "Hapo ulipokata," aliniambia siku moja, "nani alikufundisha?" Nikamwambia, "Maharagwe." Kiswahili changu kilimtesa. "Si 'kitu yangu', dada, ni 'kitu changu'." Nikirekebisha, watazamaji wanapungua; nikiachilia ulimi, wanaongezeka. Kwenye komenti wengine walinicheka, eti huyu nyanya anaongea kama ana viazi mdomoni, na kesho yake wale wale ndio wa kwanza kufungua. Ikafika mahali nikipita stendi ya Migori wapiga debe wananipigia mluzi: "Nyar Kadem, malizia basi!" Sitadanganya kwamba sikupenda. Nilipenda. Nilitembea polepole ili waite tena.

Ndipo nikaifungua hadithi ya Odoyo. Nilikuwa pale ilipotokea, sikuiba kwa mtu. Mvua kubwa ilinyesha, shimo likameza wanaume, na waliotolewa walitolewa, wazima kwa wafu, isipokuwa yeye. Maji yalijaa. Walichota hadi wakakata tamaa. Watu wa kwao, upande wa Magunga, walisubiri, na waliposubiri vya kutosha wakafanya linalofanywa kwetu Waluo mtu akipotea bila mwili: walikata tunda la mti wa yago, lile refu kama gogo, ambalo Zaituni aliliita mwegea, wakalilaza kaburini badala yake, wakalilia kama mtu, wakalifukia kama mtu. Mke wake akachukuliwa na shemeji yake, kama ilivyo desturi, akazaa. Mambo yakafungwa. Mimi kwenye simu sikumtaja jina. Nilimwita Mwanamume wa Ukoko. Lakini nilimchora yote, mkwaruzo wa kijiko, fyuu ya pengo, jinsi alivyocheka akishika goti. Niliitoa kipande kwa kipande. Kipande cha tatu nilikikata ardhi ilipoanza kulia chini ya miguu yetu, na watu wakawa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Zaituni alikuwa akishuka na kidole kwenye komenti, ananisomea, "Endelea mama," "Nalia huku Dubai," halafu akanyamaza.

"Soma."

"Shoga, hebu kaa."

"Nimekaa. Soma."

Akasoma. Mtu wa Kehancha, kule kwa Wakuria, alikuwa ameandika: "Kuna jamaa hapa kwenye bani za kukaushia tumbaku anakwangua sufuria hivyo hivyo na ana hiyo fyuu. Alikuja kitambo akiwa mgonjwa. Ni Mjaluo."

Nje ya pazia wateja wawili walikuwa tayari wanabishana, hawajui niko ndani. "Yuko hai, nakuambia." "Mtu aliyezikiwa yago hawezi kuwa hai." "Basi ni nini kinachokausha tumbaku kule?" "Usiniulize mimi, nimekuja kununua chaja." Zaituni alinitazama akauliza kuna nini, mbona nimegeuka rangi, kwa watu wake mtu akipatikana hai ni dua na sherehe. Nikamweleza. Kwetu, aliyezikwa kwa yago amezikwa. Nyumba imeshalia, imeshanyoa, mjane ameshafunguliwa. Akiingia tena kwenye lango la boma, anaingia kama maiti anayetembea, na chira, laana ya mwiko uliovunjwa, itaanza kuwala mmoja mmoja, watoto kwanza. Hata asiyeamini hatakuwa wa kwanza kujaribu. "Kwa hiyo hawezi kurudi kwao milele?" aliuliza. "Milele." Akashika kichwa. Simu yake haikuacha kutetemeka pale kitandani.

Siku ya tatu namba nisiyoijua ilipiga kwenye simu ya ukurasa, na kabla ya salamu nikasikia ile fyuu. "Mama Maharagwe," alisema, "aliyekosea ni nani, mimi au wewe?" Nikamwambia asinihukumu, anieleze. Alitoka kupitia handaki la zamani, mbavu zimevunjika, akaokotwa na watu waliompeleka mbali akalala miezi. Alipoweza kutembea alirudi, akafika hadi barabara ya kwao, akakutana na mwanamke asiyemfahamu akamuuliza mbona boma lile kimya. Mwanamke akamwambia, walizika juzi, mtoto wao wa migodini. Akageuka pale pale. "Nilisikia nimekufa, nikatii," alisema. Halafu akasema, "Mimi nimezoea. Lakini sasa kuna mtu na kamera amekuja hapa kwa bani kuuliza. Nimejificha kwenye tumbaku. Funga hiyo mdomo yako, Mama Maharagwe." Kisha kwa sauti ndogo: "Mama yangu bado yuko?" Nikamwambia yuko. Akakata.

Mama yake alikuja kabla sijajua la kufanya. Nilikuta amekaa dukani kwa Zaituni kwenye kigoda cha wateja, amevaa viatu vya raba na gauni la kanisani, ametoka Magunga alfajiri. Hakuwa na simu, jirani alimsikilizisha. Zaituni alimpa hamri akalishika tu. "Nyar Kadem," aliniambia kwa Kijaluo, "sikuja kukugombeza. Wazee wa boma watakuja kukugombeza, hao wana haki yao. Mimi nimekuja kuuliza mwisho." Nikajifanya mjinga. "Mwisho gani, mama?" Akasema, "Usinifanye kama wale wa kwa simu. Wao wanangoja kujua. Mimi nilizaa." Nimeshindana na wachimbaji walevi na askari wa kanjo, lakini macho ya yule mama niliyakwepa nikatazama marobota. Nikamwambia. Hakulia. Aliuliza kama amenenepa. Nikasema sijamwona, nimesikia sauti tu. Akasema, "Nataka nimwone, na sitaki aonekane kwetu. Mkwe wangu ana watoto wadogo. Unaweza hilo, wewe unayejua kuongea?"

Jioni hiyo hiyo alipiga yule mtu wa kamera. Alikuwa kijana wa Homa Bay mwenye ukurasa mkubwa kuliko wangu, anajiita Jicho la Ziwa, na Zaituni alimweka kwenye spika tusikie sote watatu. "Mathe, heshima sana. Story yako ni moto. Mimi nishajua jamaa anakofanya kazi. Jumamosi namchukua, namrudisha kwao Magunga, laivu, anaingia kwa gate, mamake anamkumbatia, Kenya nzima inalia." Mama mzee alikuwa amekaa pale pale, hamri mkononi. Nikamwambia, "Kijana, unajua yago?" "Ah, mathe, hizo ni vitu za kitambo." "Na akikataa kuja?" "Hawezi kataa, nitaenda na watu." Zaituni akataka kumtukana, nikamzuia kwa mkono. Nilikuwa nimeona kitu. Huyu alikuwa na njaa, na mimi watu wenye njaa nawajua. Nikalainisha sauti. "Sawa. Lakini unaanzia Kehancha? Hadithi gani hiyo haina mwanzo? Njoo kwanza Macalder, shimoni, Jumamosi mchana. Nikusimulie nikiwa pale alipozama, watu wetu wote wakitazama, wako na wangu. Tukimaliza tunaondoka pamoja." Akapiga kofi, nikalisikia kwenye spika. "Mathe, wewe ni genius!" Nikakata simu.

"Na ukimfikisha huko, kisha?" Zaituni aliuliza.

"Mwanawe nitampigia atoke kwenye tumbaku. Wewe utampeleka mama Kehancha saa hiyo hiyo. Mimi nitawashika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unipigie. Halafu nitamuua."

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Aliketi kitandani akazungusha bangili zake. "Dada, utaapa uongo mbele ya watu wote hao? Mimi siwezi kuubeba huo." Nikamwambia hakuna aliyemwomba abebe, yeye abebe mama. Hatukula siku hiyo. Niseme wazi, kwa sababu kuna watu hupenda mzee ajutie mambo: sikujuta wakati huo na sijuti sasa. Kilichonitisha hakikuwa uongo. Kilichonitisha ni kama nitaweza. Kuwashika wanaume ishirini kwa chungu ni kitu kimoja. Hawa hawakuwa na chungu mbele yao, wangeniacha kwa kidole kimoja, na yule kijana alikuwa na gari.

Jumamosi Macalder ilikuwa imefurika. Watu walikaa juu ya vifusi, wanawake wa kukoroga dhahabu kwenye karai waliacha karai, wachimbaji walitoka chini na taa zao bado zinawaka kichwani. Jicho la Ziwa alikuwa na miwani ya jua na wenzake watatu wameshika simu kwenye vijiti. Nilisimama kando ya shimo, mguu unanichoma, simu yangu ya vibonye nimeifunga kwenye kona ya leso kifuani ili nisikie ikitetemeka. Nikaanza. Niliwapa asubuhi ile, ukungu wake, nani aliteta na nani, nani alikopa uji. Niliwapa kila mwanaume aliyeingia, mmoja mmoja, na viatu vyake. Yule kijana alianza kusogeza miguu. "Mathe, tusonge, tusonge." Nikamwambia, "Aliyevaa buti la kushoto pekee, unajua ni nani?" Watu wakasema, "Nani?" Yule kijana akatazama simu yake, akaona watazamaji wanapanda, akatulia. Baadaye akasogea tena, akanong'ona, "Mathe, jua linaenda, tutamkosa jamaa." Nikageukia umati. "Huyu mgeni anasema ana haraka. Ninyi mna haraka?" Wakamzomea. "Mwache nyanya aongee! Kaa chini wewe wa miwani!" Nikaongea mpaka ulimi ukawa kama ngozi. Nikaishiwa na ya kweli nikaanza ya kubuni, nikamzulia mmoja ndoto na mwingine mchumba, na kila nilipomaliza moja nilisikiliza kifua changu, kimya, nikaanza nyingine. Nilifikiri: wamekamatwa njiani. Mama ameanguka. Odoyo amekataa kutoka kwenye tumbaku. Na bado mdomo ulikuwa unakwenda, unasema mambo ya mvua.

Ndipo simu ikatetemeka kifuani, mara moja, ikaacha. Hiyo ndiyo ishara tuliyopatana: wamekaa pamoja.

Nikanyamaza. Nikangoja wote wanitazame. Nikasema, "Mlikuja kusikia mwisho. Walimpata." Watu wakavuta pumzi. "Walimpata siku ya pili, chini, na alivyokuwa hakufaa kuonyeshwa mama aliyemzaa. Nilimwona kwa macho yangu haya. Wakamwacha alipo, wakaapa kutosema, ndiyo maana kwao walizika yago. Leo nimevunja kile kiapo, na nimekivunja kwa sababu kuna watu wanataka kumwingiza mtu mwingine bomani kwa mamake, kwa jina lake." Jicho la Ziwa akavua miwani. "Mathe, hapana. Hiyo si ukweli. Yule wa Kehancha ni nani?" Nikamjibu, "Ni Mjaluo anayependa ukoko. Nikuhesabie wangapi hapa?" Wengine wakacheka, lakini si wengi, na nikaona umati unapima. Basi mchimbaji mmoja mzee, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, alisimama juu ya kifusi akatoa kofia yake ya taa. "Nyar Kadem anasema kweli," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba." Mwingine nyuma yake akasema, "Na mimi taa." Hakukuwa na kamba wala taa. Lakini hakuna mtu wa pale aliyehitaji kufundishwa kinachotokea aliyezikwa akirudi nyumbani. Wanawake wakaanza kulia, kilio chetu kile cha kweli cha matanga, na yule kijana akashusha kijiti chake, kwa sababu huwezi kumwambia mama anayelia kwamba maiti yake iko hai.

Kwenye simu walinitukana. Mchawi, mwongo, mwizi wa bando za watu. Waliondoka kwa makundi na ukurasa ule haukurudi tena ulivyokuwa. Tulibaki na wale wa jogoo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya hoteli yangu ya zamani, juu ya debe, nilipompigia Zaituni. Alipokea lakini hakusalimu. "Shoga, subiri," alinong'ona, "tuko chumba cha nyuma cha hoteli, hapa Kehancha. Mama amekataa kumgusa mwanawe. Anasema yeye alimzika huyu mtu, atajuaje kama ni mtu. Amesema ale kwanza, aone, maana maiti hali chakula." Hakukata. Nikasukuma simu sikioni kwa nguvu. Nilisikia sahani ikiburutwa mezani. Nilisikia kiti. Halafu kwa muda sikusikia kitu isipokuwa mtu akitafuna, polepole, anayejua kwamba anatazamwa. Akameza. Akatafuna tena. Kisha ikaja sauti ya yule mama mzee, kavu, ya kuamuru, kama inavyosemwa katika kila nyumba kwa mtoto aliyechelewa kurudi, akimwambia mwenye hoteli: "Mwongezee."